Unyayo wa Nyiransengimana

Emérita Muhawenimana hakuwa mtu wa kukumbuka sura. Ukikutana naye sokoni Masisi ukamsalimia, angekutazama kama hajawahi kukuona, kisha macho yangeshuka mpaka kwenye miguu yako, na hapo ndipo angecheka na kukuita kwa jina. Nilimkasirikia kwa hilo miaka mingi. Mimi nina sura nzuri, hata marehemu mke wangu alikubali, na mke wangu hakuwa mwepesi wa kusifu. Lakini Emérita alinijua kwa kidole gumba cha mguu wa kulia, kilichopinda, na kwa visigino vinavyopasuka wakati wa kiangazi.

Jina langu Sebarenzi. Nilifundisha Kifaransa miaka thelathini na mmoja, na sasa nina chumba cha fotokopi karibu na soko: kompyuta, mashine moja inayochapa na kuskani, paneli ya jua juu ya bati. Barua za watu wa Masisi hupita mikononi mwangu, za mapenzi na za mahakama. Ya Emérita ilipita pia, na hiyo ndiyo nitakayoieleza, maana nimechoka kuibeba peke yangu.

Alizaliwa Kirolirwe, baba yake akichunga ng'ombe wa watu wengine. Alipokuwa na miaka sita tayari alitumwa kumfuata ndama aliyepotea, akisoma kwato kwenye tope mpaka ampate. Baba huyo alikuwa na ugonjwa ambao nyumbani haukutajwa. Mchana mmoja wa mvua walikuwa wanaota moto, harufu ya nyama ikajaa jikoni, watoto wakaanza kuulizana nani amechoma nyama. Baba alikuwa anasimulia habari za sokoni, anacheka, na mguu wake wa kushoto ulikuwa ndani ya makaa. Hakusikia kitu. Emérita ndiye aliyeuona kwanza. Aliniambia kwamba kilichomtisha hakikuwa ule mguu, kilikuwa kicheko cha baba, kwa sababu kiliendelea.

Akasomea uuguzi Goma. Kisha akakaa miaka miwili Bujumbura akijifunza kazi moja tu, miguu: ya wenye ukoma, ya wenye sukari, ya wote ambao ngozi yao imeacha kusikia. Alikata sugu kwa kisu kidogo, alisafisha vidonda, alishona sapatu laini kwa tairi na sponji. Huko Ulaya kazi hiyo ina jina lake na cheo chake, mtu anaitwa podologue. Kwetu aliitwa Mama ya Miguu, na katika orodha ya kituo cha afya aliandikwa muuguzi tu, kama wengine. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha.

"Papa Sebarenzi," aliniambia siku moja, "ninataka mara moja tu muntu asome jina ya kazi yangu na asinicheke."

Sasa kuna jambo moja lazima mlijue. Ili kuona uzito wa mtu unaangukia wapi, Emérita alipaka wino chini ya mguu wa mgonjwa na kumkanyagisha karatasi. Palipotoka peusi sana ndipo kidonda kitakapofunguka. Lakini kwenye vilima vyetu unyayo si kitu cha kuchezea. Anayetaka kukufunga huchota udongo ulioukanyaga akauficha, na mtu ambaye unyayo wake umefungiwa mahali haendi kwa amani, awe hai, awe amekufa. Mimi ni shemasi wa kanisa, nacheka mambo hayo, ingawa sijawahi kumwachia mtu yeyote viatu vyangu vya zamani. Wagonjwa wake walikataa wino mpaka alipowaapia mambo mawili: kwamba hatachukua unyayo wa mtu asiyekuwepo, na kwamba kila karatasi itarudi. Ukipona, unaichukua. Ukifa, inawekwa katika maji yanayotembea, wino utoke, uende zako. Kwa miaka kumi na moja alishika kiapo hicho.

Alipofikisha miaka thelathini na tisa aliamua kuomba Ubelgiji, ambako binamu yake anaishi, ili vyeti vyake vitambuliwe na aruhusiwe kufanya kazi ya miguu kwa jina lake halali. Mwezi wa kumi alikaa Goma wiki tatu akifukuzana na mihuri. Ofisi ya huko ilitaka diploma, idadi ya saa za mafunzo, na daftari la wagonjwa arobaini na mmoja pamoja na matokeo yao. Daftari lake lilikuwa la Kiswahili. Nani alilitafsiri? Mwalimu Sebarenzi, bila shaka, na kwa furaha kubwa.

Mbele ya majina ishirini na matatu Emérita aliandika neno moja: alihama. Vita vilifika kwao, wakafunga godoro, wakaondoka. Nami neno la kawaida nililiona kavu. Nikaandika kwa mwandiko wa darasani: nous a quittés. Ametuacha. Niliona limekaa vizuri, nikalisoma kwa sauti mara mbili. Mwalimu wa lugha akijikwaa, hujikwaa kwenye maneno mazuri.

Mwezi wa pili jibu likaja. Waliuliza, kwa adabu nyingi, kama ni kweli kwamba wagonjwa ishirini na watatu kati ya arobaini na mmoja walifariki wakiwa mikononi mwake.

"Papa," Emérita akasema, ameshika karatasi mbali na mwili, "banasema nimeua bantu makumi mbili na tatu."

Akacheka. Kisha akakaa kwenye benchi langu akalia, na mteja aliyekuwa anangoja fotokopi akatoka nje mwenyewe. Nilijua kosa lilikuwa wapi. Wafaransa wakisema fulani ametuacha, wanamaanisha jeneza. Nilikuwa nimelifundisha hilo darasani mwaka baada ya mwaka. Nilimwambia palepale, na aibu ilinishika mpaka masikioni, naye akanipangusa bega kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nalia.

Ofisi ilimpa mpaka mwisho wa mwezi wa tatu. Kwa kila jina aandike hai au amefariki. Kwa aliye hai, alete unyayo mpya wenye tarehe. Kwa aliyefariki, aeleze sababu. La sivyo, faili linafungwa, na hakuna kuomba mara ya pili.

"Nitabatafuta," akasema.

Kumi na wanne walipatikana karibu, Masisi penyewe na kuelekea Kirolirwe. Kutoka kijiji cha Bihambwe alirudi mikono mitupu, na jioni hiyo hakutaka chai yangu. Alisema alifika saa sita mchana, jua limewaka, na kijiji chote kilikuwa kimefungwa kwa kamba milangoni. Hapakuwa na mbwa wala moshi. Maharagi yalikuwa yamekauka shambani bila wa kuyavuna, na maganda yalikuwa yanapasuka yenyewe kwenye jua, tak, tak, kilima kizima, kama watu wengi wanavunja vijiti vidogo. Alisimama akisikiliza mpaka akaanza kugeuka nyuma kila ganda lilipopasuka. Mzee mmoja aliyebaki kwenye kilima cha pili alimwambia kwamba waliobaki kwenye orodha yake, watu tisa, walikimbilia upande wa Walikale.

Tarehe kumi na nne mwezi wa tatu akapanda pikipiki ya Yves, kijana wa moto, ndivyo pikipiki inavyoitwa kwetu, anayejua njia ile. Yanayofuata nayasimulia alivyonisimulia, na Emérita hakuwa mtu wa kupamba.

Usiku mvua kubwa ilikuwa imenyesha. Mbele kidogo, msitu unapoanza kushuka barabarani, maji yalikuwa yamekata njia.

"Dada, apa moto haiwezi pita tena," Yves akasema. "Nitakungojea hapa. Kwa miguu iko masaa tatu ao ine."

Akaenda peke yake, na buti zake na mfuko wake wa karatasi. Ukungu ulikuwa umekaa kati ya miti ingawa ilikuwa saa nne asubuhi. Mvua ilikuwa imefuta kila kitu. Tope lilikuwa laini na tupu, hakuna hata alama ya mbuzi. Alitembea kama saa moja. Kisha akaona unyayo.

Ulikuwa mguu wa kushoto, bila kiatu. Kidole gumba kilikuwepo, kidole cha mwisho kilikuwepo, vitatu vya katikati havikuwepo. Chini ya kitako cha vidole palikuwa na kovu lenye umbo la punje ya haragi. Emérita alikuwa amelikwangua kovu lile kila wiki mbili kwa miaka saba. Ulikuwa mguu wa Nyiransengimana wa Bihambwe, mjane wa miaka sabini na mmoja, jina la kumi na saba kwenye orodha.

Alifurahi kwanza. Kisha akakasirika, maana alikuwa amemkataza kabisa kutembea bila sapatu. Vidole vilielekea Masisi. Basi mama alikuwa anarudi nyumbani, na walikuwa wanakuja kukutana.

"Mama Nyiransengimana!" akaita. "We mama! Sapatu iko wapi?"

Hakujibiwa. Ndipo alipotazama vizuri. Nyayo zilikuja zikielekea kwake, hatua moja baada ya nyingine, mpaka pale aliposimama. Nyuma yake, njia yote aliyotoka, palikuwa na alama za buti zake tu.

Alijipa sababu. Bibi alisikia watu, akaingia majanini, wakati huu wa vita kila mtu huingia majanini. Akaita tena, akangoja, akaendelea. Baada ya kona mbili akazikuta tena, mbichi, zinakuja, zinaishia mbele ya buti zake. Aliniambia kwamba hapo aliacha kuita. Hakutaka kuitikiwa.

Kwenye kijito kulikuwa na daraja la mbao tatu. Juu ya ubao wa katikati, ulioogeshwa na mvua ukawa safi, kulikuwa na unyayo mmoja wa tope, ule ule, umekamilika mpaka mistari ya ngozi. Ulikuwa unang'aa maji. Emérita alipiga magoti kando yake. Alifikiria ofisi ya huko, alifikiria namba ishirini na tatu, alifikiria kwamba bibi ni mzima maana anatembea, na kwamba huenda asimpate tena kabla mwezi haujaisha. Akatoa karatasi, akailaza juu ya unyayo, akaikandamiza kwa kiganja. Tope lilitoka zima, ubao ukabaki mweupe. Akaandika tarehe pembeni. Ndivyo alivyovunja kiapo chake.

Wakimbizi wa Bihambwe walikuwa wamepewa uwanja wa shule moja, mahema ya plastiki kati ya madarasa. Walimpokea kwa vigelegele. Watu wanane wa orodha yake walikaa kwenye benchi, wakapakwa wino, wakakanyaga, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alikuwa anaomba sapatu mpya. Alipomaliza akamwona Mukandori, binti wa Nyiransengimana, anaosha sufuria.

"Mukandori, mama yako tumepishana njiani," akamwambia. "Anaenda Masisi, na tena miguu wazi! Akirudi umugombeze."

Mukandori aliweka sufuria chini.

"Mama yangu gani?"

"Unakuwaka na mama ngapi? Nyiransengimana."

Kati ya wale wanane mmoja akavuta mguu wake wenye wino chini ya benchi.

"Mama Emérita," Mukandori akasema, "tulimuzika mwezi wa kwanza. Iko hapa nyuma ya masomo."

Akamwongoza nyuma ya madarasa, penye kifusi kirefu na msalaba wa mianzi. Majani mapya yalikuwa yameota juu yake. Emérita aliuliza kama mama yake alikuja kwa miguu. Mukandori akasema hapana, hakuna aliyetembea, walikuja wote kwa lori la fuso, na mama alibebwa mgongoni kwa sababu mguu ulikuwa umeoza na hakuweza kukanyaga chini.

"Mwezi ya kumi alikuyaka kwenu mara mbili juu ya kidonda," akasema. Hakuwa analaumu, alikuwa anaeleza tu. "Balimuambia uko Goma juu ya makaratasi. Mara ya pili akasema, haina neno, nitarudia tu. Ule mutoto hawezi kuniacha."

Emérita akatoa karatasi ya darajani, akamwonyesha. Mukandori hakuigusa. Aliitazama muda mrefu, kisha akatazama njia.

"Basi anakwenda kwako," akasema. "Juu ya kidonda. Umufikishe, Mama. Kisha umuweke mu maji, aende."

Emérita alirudi kwa njia ile ile. Hakuona unyayo mwingine wowote.

Alipoingia kwangu ilikuwa siku ya nne, njia ilikuwa mbaya na Yves alianguka mara mbili. Akanipa bahasha ya karatasi niziskani, akatenga moja juu ya benchi, akanieleza yote niliyoyaeleza hapa. Kisha akasema anaenda kufungua chumba chake cha kazi, atandike meza, apange pamba na maji ya chumvi, ndipo aje kuchukua ile moja. Nyiransengimana alikuwa na miadi, akasema. Afike kwanza.

"Hiyo usipige skana, Papa. Hata kuigusa, hapana."

Akatoka. Nikabaki na mashine na benchi.

Mimi si mtu wa kutishwa na karatasi. Nikaisogelea. Ilikuwa imekaa siku nne katika bahasha kavu pamoja na nyingine, na wino wa nyingine ulikuwa umekauka zamani. Tope la ile lilikuwa bichi. Nilisema moyoni ni unyevu, huku kwetu hata chumvi haikauki. Nikaweka kidole. Lilikuwa na vuguvugu. Nikasema moyoni ni jua la dirishani, ingawa dirisha langu linatazama ukuta.

Lakini jambo lililonishika zaidi halikuwa hilo. Nilikuwa nafikiria sentensi yangu nzuri iliyomfikisha hapa. Nikafikiria ofisi ya huko, watu wazuri waliokaa sehemu yenye joto, watakaosoma kwamba mgonjwa wake alikufa na kidonda alichokuwa anakitunza yeye. Nikaiweka karatasi kwenye kioo cha mashine. Unyayo ulioinuliwa kwa karatasi hugeuka, wa kushoto unakuwa wa kulia, kwa hiyo nilibonyeza mahali pa kugeuza picha, nikarudisha upande wake. Mwanga ulipita chini yake polepole. Nilipoinua kifuniko, kioo kilikuwa kimefanya ukungu, nikakipangusa kwa shati.

Emérita alirudi akaichukua kwa mikono miwili. Niliona kupitia mlango wazi wa chumba chake, ng'ambo ya njia: aliilaza juu ya meza ya wagonjwa, akavaa glavu, akakaa nayo muda wa kufunga kidonda kimoja. Alikuwa anaongea nayo kwa sauti ya chini. Kisha akashuka nayo kijitoni.

Jioni tuliandika jedwali. Watu ishirini na wawili, hai. Kwa jina la kumi na saba alinisomea kwa Kiswahili nami nikageuza, safari hii bila mapambo: "Nyiransengimana alikufa. Kidonda yake ilifunguka wakati mimi nilikuwa Goma natafuta mihuri ya hii dossier. Alikuja mara mbili, hakunikuta."

"Emérita, mutoto yangu," nikamwambia, "bale bantu bataona neno moja tu."

"Basi baone hiyo moja. Ikiwa njo bananikatala, banikatale na ukweli."

Akatia sahihi ukurasa wa mwisho, akaenda kulala. Mimi nikakaa. Ukurasa wa pili haukuwa na sahihi. Nikauandika upya: jina la kumi na saba, hai, unyayo wa tarehe kumi na nne mwezi wa tatu, angalia kiambatisho. Nikatuma. Nilijitetea kwamba sikudanganya. Unyayo ulikuwepo, tarehe ilikuwa ya kweli, aliyeukanyaga ndiye mwenyewe. Ningeweza kuapa mbele ya hakimu.

Mwezi wa tano wakamkubali. Alinisomea barua akiwa amesimama katikati ya chumba changu, na aliposoma jina la kazi yake, podologue, hakuna aliyecheka. Nililia mimi. Mwezi wa nane akaondoka, wagonjwa wake wakajaa uwanjani kumsindikiza, naye akawaaga mmoja mmoja akitazama chini.

Wiki tatu zilizopita akapiga simu. Nilikuwa nafunga kazi.

"Papa, uko muzima? Huku baridi inaingia mpaka mu mufupa." Alikuwa na furaha, ilisikika. "Professeur mumoja wa shule ya miguu anataka niongee kesho mbele ya banafunzi, juu ya Nyiransengimana. Nilimuambia vile niliandika ukweli na bakanikubali vile vile. Hakuamini! Anasema atafungua dossier yangu asome ile page mbele ya bote."

Nikakaa kwenye benchi. Nilimwambia yote, tangu kioo cha mashine mpaka neno hai, bila kuacha kitu. Sikuomba msamaha, maneno hayo sikuyapata, mimi wa maneno.

Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane.

"Basi bado iko njiani," akasema.

"Nani?"

"Ule mama, Papa. Mimi nilimufikisha, nikamuweka mu maji. Na wewe ulimufungia mu bureau ya bazungu. Njo maana."

"Njo maana ya nini?"

Akasema kwamba tangu afike huko, kila asubuhi anapofungua chumba cha kazi, kabla ya mtu yeyote kuingia, sakafu mbele ya mlango wake ina tope. Alidhani ni wafagiaji. Akaniuliza tena, polepole, kama nina hakika niliituma picha ile na si nyingine. Nikasema nina hakika.

Kesho yake alikwenda mwenyewe ofisini saa mbili, kabla ya darasa, akawaeleza. Alijua kitakachompata. Aliomba jambo moja tu, ukurasa ule ufutwe pamoja na picha. Wakamjibu kwa adabu. Kazi imesimamishwa mpaka uchunguzi uishe, na uchunguzi unaweza kuchukua miaka. Na faili lililo chini ya uchunguzi halifutwi kitu. Kila kilichomo ni ushahidi, kinahifadhiwa kama kilivyo. Aliniandikia hayo kwa ujumbe, sentensi nne, akamalizia kwa kuniuliza kifua changu kinaendeleaje.

Ananipigia kila Jumapili. Ananiuliza habari za Masisi, za miguu ya fulani na fulani, ananikumbusha kupaka mafuta visigino. Mukandori nimempelekea ujumbe kupitia Yves, na hajanijibu. Nangoja Emérita anikasirikie. Mpaka leo bado.